Sauti ya Babu na Mzaha wa Chokochoko

Kila alasiri, jua likiingia dirishani na kulala juu ya vitambaa, Bibi huwasha kompyuta yake ya zamani. Haitazami. Anaisikiliza tu. Ndani yake kuna sauti ya marehemu mume wake akimsomea vipimo vya wateja: bega kumi na tano, kifua thelathini na nane, urefu arobaini. Zamani yeye alisoma, Bibi akakata. Nguo zile zimeshachakaa na wenyewe wengine wamehama, lakini Bibi bado hukata kitambaa akimsikiliza, taratibu, kama mtu anayeota macho wazi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuisikia sauti hiyo.

Mjukuu wake anaishi naye. Ni msichana wa miaka kumi na minane, na kwa uchokozi wake mtaa mzima unamwita Chokochoko. Siku moja alipewa na rafiki yake programu ya mzaha. Ukiifungua, kioo kinakuwa cheusi, herufi za kijani zinateremka, kisha yanatokea maneno: KOMPYUTA IMEVAMIWA. MAFAILI YANAFUTWA. Akaiwasha kwenye kompyuta ya Bibi, akajificha nyuma ya mlango. Bibi na mjukuu si watani?

Bibi akaingia, akasoma. Namba zilikuwa zikipanda: asilimia arobaini, hamsini, sitini. Hakupiga kelele. Fundi cherehani anajua kwamba uzi ukianza kufumuka, unaukata mapema ili nguo isalimike. Akazima swichi ya ukutani, akachukua mkasi mkubwa, akakata waya zote, moja baada ya nyingine. Kisha akakaa sakafuni.

"Nimechelewa," alisema. "Ameondoka mara ya pili."

Kicheko kilimkauka Chokochoko. Alitoka mafichoni, akaeleza yote, akaomba radhi. Bibi hakumwamini. Si alikuwa ameona kwa macho yake sauti ikifutwa?

Chokochoko akakimbilia kwa jirani, mama mmoja fundi wa kompyuta. Alimkuta akila, akamwinua na tonge mkononi. Fundi alikuja na begi la waya. Akamwamkia Bibi, akatazama zile waya zilizokatwa, akatikisa kichwa. Alimwambia ashukuru kwamba alizima umeme kwanza, na asirudie tena, maana mkasi na umeme havijuani. Kisha akaanza kuunganisha waya mpya.

"Mama, ile ilikuwa picha tu," alisema akifanya kazi. "Namba zinapanda, lakini hakuna kinachoguswa. Ungebonyeza kitufe cha Esc, hapa juu kushoto, ingeondoka."

"Na kama wangekuwa wezi kweli?"

"Usipige namba ya simu watakayokuonyesha. Usimpe mtu neno lako la siri. Zima intaneti, halafu uite mtu unayemjua. Na kitu usichotaka kukipoteza kisikae mahali pamoja."

Bibi aliyarudia maneno hayo polepole, kama anavyorudia vipimo.

Fundi akamgeukia Chokochoko. Alisema programu yenyewe haina ubaya, hata maofisini watu huchekeshana nayo. Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha.

"Kabla hujamtania mtu, jua kwanza ana nini cha kupoteza," alimwambia.

Chokochoko akainamisha kichwa. Aliona aibu kweli. Aliifuta programu ile kwa mkono wake, fundi akimwelekeza.

Kompyuta ikawaka. Faili lilikuwapo palepale, zima. Bibi alilia bila kujificha. Fundi akatoa nakala mbili, moja kwenye flashi ya kuweka kabatini, nyingine kwenye simu ya Chokochoko, kwa ruhusa ya Bibi. Nakala isiyojaribiwa si nakala, alisema. Akaifungua ile ya kwenye simu.

Sauti ya Babu ikajaa chumbani. Chokochoko alikuwa akiisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza, kwani Babu alifariki yeye hajatimiza miaka miwili. Bega kumi na sita. Kifua arobaini. Halafu kwa mbali mtoto akaanza kulia, na Babu akaacha kusoma.

"Nani kamliza mchumba wangu? Mlete huku kwangu."

Kilio kikasogea karibu, kikapungua, kikaisha. Babu akaendelea na vipimo kwa sauti ya chini.

"Huyo mtoto ni nani?" Chokochoko aliuliza.

"Wewe," Bibi alisema.

Chokochoko akaishika simu kwa mikono miwili, akaomba irudiwe tangu mwanzo.