Kadi ya Ijumaa Saa Mbili

“Nitajie siku moja tu, Corinne. Siku moja ya wiki, basi.”

“Siku zipo saba, Wendell. Chagua unayoipenda.”

“Usinifanyie mzaha asubuhi yote hii.”

Alikuwa amesimama mbele ya kioo cha hoteli, New York, tai mkononi, shati halijafungwa vifungo. Mwanaume wa miaka arobaini na moja, mwandishi wa vichekesho anayeheshimika, anahangaika kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilimfunga tai mwenyewe. Nilimpenda sana asubuhi ile, na ndiyo maana sikumtazama machoni.

Kabla hujanihukumu, unijue kwanza. Naitwa Corinne Haddix na kazi yangu ni kupanga ratiba ya televisheni. Septemba ikifika, Marekani nzima ikirudi sebuleni baada ya likizo, kipindi gani kikae Jumatatu na kipi Alhamisi, kipi saa mbili usiku na kipi saa tatu, mimi ndiye ninayeamua, bosi anatia sahihi. Ofisini kwetu Burbank kuna chumba chenye ubao ukutani, na kila kipindi kina kadi yake yenye sumaku. Ubao umefunikwa pazia. Funguo tunazo wawili tu, bosi na mimi. Mpaka ile siku ya Mei tunapokwenda New York kuwatangazia wenye biashara wanaotulipia matangazo ratiba nzima, hakuna anayeambiwa kitu, hata mwenye kipindi. Miaka kumi na miwili sikuwahi kuvujisha kadi hata moja, na nilijivunia hilo kuliko nyumba yangu.

Sasa kadi ya Wendell ilikuwa pale ubaoni. Kichekesho chake kiliitwa Soli na Kisigino, habari za baba na binti yake wenye duka la kushona viatu kule Cleveland. Bosi wangu, Gil Rasmussen, alijua Wendell ni mchumba wangu na kwamba harusi yetu ni tarehe ishirini na tano Oktoba, kanisani kwao Wendell, Cleveland. Aliniambia maneno machache tu: “Ukimpendelea nitajua. Ukimwonea pia nitajua.”

“Gil alinikumbatia jana kwenye lifti,” Wendell alisema. “Kaniambia nimepata nyumba nzuri. Nyumba nzuri si ndiyo Alhamisi?”

“Gil mwezi wa tano anakumbatia hata mabawabu.”

“Ni Alhamisi. Uso wako unakusaliti.”

Simu yake ikaita. Ni mama yake, Bi Ernestine Pruitt, ameshuka kwenye ndege kutoka Cleveland, amekuja kushuhudia kwa macho yake.

“Vaa ile kofia mpya, Mama,” Wendell alimwambia huku anacheka. “Ndiyo, Alhamisi. Waambie wenzako wa kanisani. Waambie wote.”

Hapo ndipo nilipokosea. Ningeweza kumwambia, mpenzi, usimwambie mama kitu kwanza, bila hata kutaja siku. Sikusema. Nilijigeuza nikapaka mdomo rangi.

Saa nne tulikuwa ukumbini, mimi na Wendell bega kwa bega, mama yake safu ya mbele yetu na kofia yake ya njano. Gil alipanda jukwaani akaanza kutaja siku moja moja. Jumatatu, makofi. Jumanne, makofi. Jumatano, makofi. Kisha akasema, “Alhamisi saa mbili, tamthilia yetu mpya ya madaktari,” na ukumbi ukalipuka.

Wendell alikuwa ameshaanza kunyanyuka kwenye kiti. Akakaa.

“Ijumaa saa mbili,” Gil akaendelea, “Soli na Kisigino.”

Kwa watu wa kazi yetu Ijumaa inaitwa makaburini. Watu wametoka kwenda kula na kucheza, na vipindi vilivyochokwa hupelekwa huko vikafie polepole. Makofi yalikuwa ya adabu tu. Bi Ernestine peke yake alipiga mpaka mwisho, halafu akamgeukia jirani yake na kuuliza kwa sauti iliyofika safu tano nyuma: “Si alisema Alhamisi?”

Kuna watu walicheka. Nilimwona anavua kofia na kuiweka mapajani.

Wendell alinivuta kwenye korido.

“Nani aliiweka pale?”

“Mimi.”

“Kwa mkono wako?”

“Kwa mkono wangu. Nisikilize. Alhamisi saa ile ile chaneli nyingine ina mechi za mpira wa Kimarekani. Kipindi kipya kinapewa wiki tatu nne, namba zikianguka kinafutwa. Ijumaa hakuna anayekudai kitu. Watu watakuzoea taratibu. Nimekuokoa, Wendell.”

“Umeniokoa. Mbona humo ndani wananipa pole?”

“Subiri Oktoba.”

“Labda ni kweli. Wewe siku zote unapatia, na ndiyo tabu yako.” Hakupaza sauti, na ningefurahi kama angepaza. “Lakini asubuhi umenisikia nampa mama yangu uongo. Ulijua ni uongo. Ukasimama unapaka mdomo rangi.”

“Ni siri ya kazi. Hata siku moja sijawahi...”

“Kwa hiyo na mimi ni kadi.”

Nina majibu ya kila kitu, muulize yeyote Burbank. Pale niliishia kumshika mkono wa koti.

“Harusi tuiache kwanza,” alisema. “Siwezi kulala na mtu anayeijua kesho yangu halafu ananitakia usiku mwema.”

Akamshika mama yake mkono wakaondoka. Bi Ernestine alinitazama mara moja tu, kofia kwapani, wala hakunisalimia.

Mwezi wa sita nilimwandikia: “Naomba tuzungumze.” Akajibu: “Naandika.”

Mwezi wa saba: “Heri ya kuzaliwa, Wendell.” Jibu: “Asante.”

Mwezi wa nane sikumwandikia. Nililia mara mbili ndani ya gari kwenye maegesho ya ofisi, nikajipangusa, nikapanda juu kusimamia matangazo ya msimu mpya. Niliwapigia wageni wangu mmoja mmoja kuwaambia hakuna harusi. Kwa Bi Ernestine sikupiga. Huyo nilimwonea aibu.

Septemba ikafika. Kwetu namba hutoka asubuhi, na kuna watu wazima wanaozipokea wakiwa wamefumba macho. Madaktari wa Alhamisi walianza na watu milioni sita. Wiki ya pili mpira ukawakuta, wakabaki na nne. Wiki ya tatu hawakufika hata tatu. Soli na Kisigino ilianza na milioni tatu, ikaongeza kidogo, ikaongeza tena. Wiki ya tatu ilikuwa imefika milioni nne, na hao wote ni watu waliokaa nyumbani Ijumaa kwa hiari yao. Nilikuwa nimepatia. Nilizisoma namba zile peke yangu na chai mbili, maana bado naagiza na ya Wendell kwa mazoea, sikuwa na wa kumringia.

Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, Gil aliniita kwenye chumba cha ubao, pazia limefunguliwa.

“Toa madaktari,” alisema. “Weka Soli na Kisigino Alhamisi. Natangaza Jumatano. Mpaka hapo ni siri, unajua utaratibu.”

“Mpira utamla.”

“Pengine. Lakini Alhamisi ndiyo yenye matangazo ya maana, na mimi sina kingine cha kuweka. Isogeze kadi.”

Niliitazama ile kadi ya kijani. Kutoka Ijumaa hadi Alhamisi ulikuwa umbali wa kiganja kimoja tu.

“Gil, hii kadi siigusi tena. Wala siikatai. Naondoa mkono wangu, nilipaswa kuuondoa tangu Mei. Na leo hii naenda kumwambia mwenyewe.”

“Ukimwambia umevunja sheria.”

“Najua. Sheria yenyewe niliiandika mimi.”

“Naweza kukufukuza.”

“Unaweza. Halafu ratiba ya Januari atakupangia nani, wewe?”

Sikumsubiri amalize kufikiri. Ufunguo niliuacha juu ya meza.

Nilimkuta Wendell kwenye jukwaa la kurekodia, ndani ya lile duka la viatu la kuigiza, amekaa kwenye benchi la fundi anakula sandwichi ya bata mzinga. Wengine walikuwa wametoka kwenda kula. Alikuwa amekonda. Niliumia kuona hivyo, na kusema kweli nilifarijika kidogo pia.

“Karibu,” alisema. “Nani kafa?”

“Wanataka kukuhamishia Alhamisi. Gil anatangaza Jumatano. Hutakiwi kujua mpaka atangaze.”

Aliweka sandwichi chini.

“Mbona unaniambia?”

“Kwa sababu najua, na wewe hujui. Mei nilidhani kunyamaza ni uaminifu. Nilikuwa mwaminifu kwa ubao. Nilikuumiza, nikamwaibisha na mama yako mbele za watu. Nisamehe.”

“Na wewe unaonaje, niende Alhamisi?”

“Ukitaka maoni yangu, mpira utakula kipindi chako kabla ya sikukuu ya Shukrani, Novemba. Lakini ukitaka kwenda, nenda. Ni kipindi chako. Mimi nimeshatoka.”

Alijikuna kidevu. Nilimwona anavyoitamani ile Alhamisi, amekuwa akiitamani tangu akiwa kijana anaandika vichekesho vya watu wengine. Nilijikaza nisiseme neno jingine, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kupanga wiki nzima.

Akatoa simu, akaweka sauti ya nje.

“Mama, wanataka kunihamishia Alhamisi.”

“Alhamisi tuna mazoezi ya kwaya,” Bi Ernestine alijibu papo hapo.

“Mama, hii ni Alhamisi saa mbili. Ile niliyokuwa naililia.”

“Na mimi nimekuambia tuna kwaya. Mwezi wa tano niliwahamishia watu thelathini siku ya mazoezi kwa ajili yako, kisha nikarudi kuwaomba radhi. Sihamishi tena. Siku hizi Ijumaa wanakuja kwangu, tunakaanga samaki, tunamtazama yule fundi wako mkorofi tunacheka. Wewe Alhamisi unamtafuta nani?”

Wendell alibaki ameshika simu. Kisha nikaona bega moja linatikisika, halafu la pili. Alikuwa anacheka, mara ya kwanza mbele yangu tangu Mei.

“Hakuna, Mama,” alisema. “Simtafuti mtu.”

Bila kumkatia mama yake simu akaandika ujumbe, akanionyesha kabla ya kuutuma: “Gil, nimeambiwa. Asante kwa heshima hiyo, lakini naomba unibakize Ijumaa.”

Jibu lilikuja kabla sandwichi haijaisha: “Nyie wawili mtaniua. Baki. Mwambie Corinne kesho saa tatu kuna kikao cha Januari, aje achukue ufunguo wake.”

“Nani huyo unayecheka naye?” Bi Ernestine aliuliza.

“Corinne, Mama.”

Nilisogea karibu na simu.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Hatimaye. Nilisema simpigii huyu binti mpaka anipigie mwenyewe. Niambie ukweli, ile asubuhi ulijua?”

“Nilijua, Mama.”

“Ukaniacha nivae kofia.”

“Nilikuacha. Ilikuwa kazi, lakini haikuwa haki. Naomba unisamehe.”

“Kofia yenyewe ilikuwa nzuri,” alisema, kama mtu anayejisemea. “Haya. Nimesamehe, maana siwezi kukaa kanisani safu ya mbele na mkwe ambaye sisemi naye. Sasa niambieni, tarehe ishirini na tano mnafika asubuhi au mnalala huku? Mchungaji ananiuliza. Keki ya limau nimeshalipia, na kwaya inakufanyia wimbo wa kuingilia ambao ukiusikia utalia, kwa hiyo usipake wanja mwingi.”

Nilimgeukia Wendell. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

“Hukumwambia?” nilinong’ona.

Akatikisa kichwa.

“Tangu Mei?”

“Nilishindwa,” alinong’ona. “Kila nikipiga simu alikuwa na furaha. Nikasema wiki ijayo.”

“Kwa hiyo ulijua, ukamwacha aendelee.”

Akafumba macho. Ningeweza kumsulubu pale pale, na kwa karibu miezi mitano nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumsulubu. Yote yaliniishia. Tulikuwa wawili tu kwenye duka la viatu la mbao laini, na kila mmoja wetu alikuwa amempenda mtu hadi akashindwa kumwambia ukweli.

“Mnanong’ona nini?” Bi Ernestine aliuliza. “Mnanisikia au simu imekata?”

“Mwambie,” nilimwambia Wendell. “Siwezi kukusemea.”

Akavuta pumzi.

“Mama, mwezi wa tano nilimwambia Corinne harusi tuiache. Nilikuwa na hasira. Sikukwambia wewe wala mchungaji. Corinne amewaambia watu wake wote haipo. Kosa ni langu.”

Tulisikia bomba la maji likifungwa huko Cleveland, kiti kikavutwa, mtu akakaa.

“Na sasa?” mama yake aliuliza.

“Sasa namuuliza yeye, Mama. Sijui atajibu nini.”

Alinitazama machoni, mkono ameuweka juu ya benchi, kiganja wazi, hana mzaha wowote wa kujifichia. Bi Ernestine hakukata simu, na hakusema neno, jambo ambalo nimeambiwa halijawahi kutokea. Zilibaki siku kumi na tisa. Gauni lilikuwa dukani na wageni wangu arobaini wanajua hakuna harusi. Nimepanga wiki ngumu kuliko hiyo.

Nikaweka mkono wangu juu ya wake.

“Mama Ernestine,” nilisema, “mazoezi ya kwaya yaendelee.”