Folda Rengganis Haipatikani

Diski ilikuwa moja tu dukani, na mikono ilikuwa miwili. Soko la kompyuta la Bandung lilifurika watu Jumapili ile. Binti alivaa koti la mvua la njano. Kijana alining'iniza kamera shingoni, nywele zikichuruzika maji.

"Neng, dada yangu, niachie," kijana akasema. "Nimepoteza picha za harusi ya watu."

"Hukuweka nakala?"

"Programu ilishindwa kunakili miezi miwili, haikuniambia kitu!"

Rengganis, mtunza kompyuta za zahanati, akacheka mpaka akaiachia. Kwa malipo ya sahani ya batagor, vitafunio vya samaki vya kukaanga, akamwandikia kijana huyo, Wirya, programu mpya ya kunakili picha kila siku saa sita mchana.

"Habari za kawaida zitaandikwa kwenye faili humu humu kompyutani mwako. Kosa tu ndilo litatumwa kwa barua pepe. Nimeweka anwani yangu kwa majaribio; itoe uweke yako, Aa, kaka yangu."

Wirya hakutoa. Siku ya nne simu yake ikalia.

"Aa, diski yako haikuchomekwa."

"Umejuaje, mchawi wewe?"

"Makosa yako yote yanakuja kwangu."

"Acha yaje. Nani mwingine atanivumilia?"

Miezi saba kila kosa lilizaa simu, na kila simu ilizaa matembezi. Wakapendana, wakapendana kweli. Halafu Alhamisi moja ikaingia barua: *Folda Rengganis haipatikani.* Ndimo zilimokuwa picha zote alizopigwa na Wirya. Rengganis akalia mezani pake, akazima simu. Jioni akaenda studio kwa Wirya kuachana naye ana kwa ana.

"Umenifuta!"

"Nani kakufuta?"

"Nimeletewa kosa, folda yangu haipo!"

"Umesoma makosa tu, mpenzi. Habari za kawaida je?"

Rengganis akafungua faili kwenye kompyuta ya Wirya kwa hasira. *Folda Mke-wangu: picha 214 zimenakiliwa.*

Akasoma tena. Mashavu yakamwaka moto.

"Umebadilisha jina."

"Jana. Pete iko kwa mama, nilitaka kukuuliza Jumamosi. Programu yako mbea!"

"Mbea wewe, folda kabla ya posa! Umeongeza jina jipya kwenye orodha ya kunakili, la zamani ukalisahau."

"Basi nakuuliza sasa, Neng. Unanikubali?"

Rengganis akavuta kibodi, akaifungua orodha, akalifuta jina la zamani kwa mkono wake mwenyewe. Wirya akapiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia.

Kesho yake saa sita hakuna barua iliyoingia. Rengganis akampigia Wirya simu hivyo hivyo.