Mtoto Chini ya Nailoni

Kila Jumamosi kwetu huanza na ugomvi wa migongo. Mama ana mgongo mmoja tu, na kikapu cha majani chai kinataka kukaa pale pale anapopenda kukaa mdogo wangu Kipkirui. Kipkirui ana miezi mitano na hajui kungoja zamu. Basi hutafutwa mgongo wa pili, na mgongo huo ni wangu, mimi Winny wa gredi ya sita.

Mama hunifungia mtoto mwenyewe. Mimi huinama, naye humlaza juu kabisa, mpaka nasikia pumzi yake karibu na shingo yangu. Humpanua miguu kama chura, leso ikamshika kutoka goti hadi goti, na ukingo wake wa juu ukaishia shingoni mwake. Kisha huivuta ikamkaza sawasawa asiteleze, akanipa ncha mbili nizifunge kifuani. Na kila Jumamosi husema maneno yale yale: uso uwe pembeni, pua iwe wazi, peleka mkono nyuma umguse, mvua ikianza ingia nyumba ya watu, na usimfunike kichwa.

Nilikuwa nimeyasikia mpaka nikawa nayaigiza kwa midomo tu, bila sauti. Mama alikuwa nyuma yangu, hanioni. Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi ile ya Agosti, mawingu yalishuka mapema juu ya mashamba. Mama alifunga nailoni yake kiunoni, ile ambayo wachumaji huvaa umande usiwaloweshe, akaingia katikati ya michai. Nailoni yake nyingine, kuukuu, aliiacha kwenye ua. Niliikunja nikaificha chini ya sweta, nikashuka hadi kituo cha kuuzia majani, ambako wasichana wa kijiji hucheza kati, mchezo wa kurushiana mpira huku walio katikati wakiukwepa, kabla lori halijafika.

Sisi tunaolea watoto tuna sheria yetu: mwenye mtoto mgongoni haruki, anarusha mpira tu. Na mimi kwa kurusha sina mpinzani. Lakini Jumamosi iliyotangulia, tone la kwanza la mvua lilinikimbiza jikoni kwa watu, na upande wangu ukashindwa. Nyabate, rafiki yangu, hakuwa amesahau.

"Leo tukuwekee kiti kabisa kule jikoni?" akaniuliza. "Maana tone moja tu, yaya ametoroka."

Wenzake wakacheka. Nikawaambia leo hatoki mtu. Manyunyu yalipoanza nikatoa ile nailoni, nikamwambia Nyabate amfunike Kipkirui mwili mzima na kunizungushia kamba ya katani kifuani. Nyabate alisitasita, akauliza mtoto atapumua vipi.

"Huyu amezaliwa kwenye ukungu," nikamjibu. "Hata ndani ya gunia atapumua."

Nilicheka niliposema hivyo. Maneno hayo bado ninayasikia hadi leo, na hicho kicheko pia.

Tukacheza. Kipkirui alilia kidogo, akapigapiga miguu, halafu akanyamaza. Nikawatangazia wenzangu kwamba kwangu mtoto halii, hulala tu. Leso ilikuwa imelegea kwa kurusha kwangu, naye alikuwa ameshuka hadi karibu na kiuno, mzito kama kikapu kilicholoa. Mgongo wangu ulichemka kwa jasho. Kusimama nimpandishe juu, au hata kupeleka mkono nyuma, sikufanya. Tulikuwa tunashinda.

Mama yake Nyabate, ambaye jina lake ni Phelis, huuza mandazi chini ya kibanda cha mabati pale kituoni. Aliinua macho kutoka kwenye karai, akaniita.

"Winny, mtoto yuko wapi?"

"Mgongoni, Mama Nyabate. Amelala."

"Mbona sioni kichwa?"

Hakungoja jibu. Alikuja mbio, akaikata kamba kwa kisu cha kukatia mandazi, akafungua leso. Hapo ndipo nilipomwona ndugu yangu. Alikuwa amelowa jasho kama aliyetolewa mtoni. Kidevu kilikuwa kimezama kifuani, midomo imekuwa ya kijivu, na shingo haikuwa na nguvu. Phelis alimnyoosha kichwa kwenye mapaja yake, akamvua kofia, shali na sweta, akamfuta kwa kitambaa chenye maji, akamsugua nyayo huku akimwita jina. Mpira ulikuwa umebingirika hadi mtaroni na hakuna aliyeufuata.

Kipkirui akavuta pumzi moja ndefu, kisha akalia. Kilikuwa kilio chembamba, kama cha paka aliyefungiwa. Sijawahi kusikia sauti nzuri kuliko ile.

Phelis aliniuliza mtoto alifunikwa kwa muda gani. Nikasema dakika chache. Uongo huo ulinitoka wenyewe, hata sikuutuma. Nyabate aliniangalia, akainamisha uso.

"Winny," Phelis akasema polepole, "muuguzi ataniuliza swali hilo hilo, na atamtibu kwa jibu lako. Niambie ukweli."

Nikamwambia: tangu manyunyu yaanze, mchezo mzima na nusu ya mwingine. Karibu nusu saa. Phelis hakunigombeza. Alipanda bodaboda na mtoto kifuani, uso wake wazi, wakaenda zahanati. Nyabate akakimbia kumwita Mama. Nilimwona Mama akishuka mteremko bila kikapu, nailoni ikimpiga miguuni. Alinipita kana kwamba sikuwa pale. Niliwafuata kwa miguu, leso tupu mkononi.

Muuguzi alikaa na Kipkirui hadi jioni. Alisema joto lilimzidi na hewa ilimpungukia, na kwamba kucheleweshwa kidogo zaidi kungetuletea habari nyingine. Kipkirui alinyonya, akatulia, tukarudi naye nyumbani.

Nilingoja adhabu. Haikuja. Mama hakunipiga wala hakunitukana. Aliacha tu kunipa mtoto. Jumamosi mbili zilizofuata alimbeba mwenyewe, akawa anachuma kidogo Kipkirui anapolala, na majani yetu yakaanza kukomaa kwenye michai huku ya majirani yakichumwa. Nikimnyooshea mtoto mikono, Mama alijifanya hajaona. Afadhali angenipiga.

Jumamosi ya tatu nilimwomba kikapu nichume mimi. Akakubali. Nilichuma kwa bidii, majani mawili na chipukizi, na kwa kutaka kumfurahisha nikawa nayashindilia kwa ngumi ili kikapu kibebe mengi. Mama alikuja na Kipkirui mgongoni, akatazama ndani.

"Weka mkono katikati," akaniambia.

Nikauingiza. Ndani kulikuwa na joto, kama la mtu aliyeshikwa na homa. Nikakumbuka mgongo wangu siku ile, nikashindwa kuutoa mkono.

"Ukiyafinya yanaungua," Mama akasema. "Yanakuwa mekundu, karani wa kituoni anayarudisha. Hilo ulilijua tangu ukiwa gredi ya pili, wewe ndiye uliyekuwa ukimkumbusha baba yako. Jani unalipa hewa, Winny. Ndugu yako ukamnyima."

Nililia. Nilimwambia kwamba niliiba nailoni, kwamba nilicheka, kwamba nilimdanganya Phelis, na kwamba kila Jumamosi nilikuwa nikimwigiza maneno yake. Hilo la mwisho hakulijua. Nadhani alikaribia kutabasamu, ila tabasamu halikutoka.

Tukayamwaga majani kwenye gunia, tukayapeta yapoe. Kisha Mama akafungua leso.

"Inama. Lakini leo maneno utayasema wewe, na nisikie sauti."

Nikainama. Kipkirui akapanda mgongoni, juu, pumzi yake shingoni mwangu. Nikayasema, moja baada ya jingine: uso pembeni, pua wazi, kidevu kisizame kifuani, magoti yashikwe, leso isilegee, kichwa kisifunikwe, mvua ikianza niingie nyumba ya watu.

"Umesahau moja," Mama akasema.

Nilipeleka mkono nyuma nikagusa shavu la Kipkirui. Lilikuwa na ubaridi wa ukungu, na alikuwa macho.

"Hiyo," Mama akasema, akijitwika kikapu. "Mgongo hauna macho, mwanangu. Mkono wako ndio macho yake. Anayebebwa hawezi kukuita jina, kwa hiyo usingoje akuite. Na akinyamaza, usifurahi kwanza. Mtazame."

Sasa mimi hurusha mpira kwa mkono mmoja, mwingine uko nyuma kwa Kipkirui. Upande wangu hushindwa karibu kila Jumamosi, na Nyabate hajanicheka hata mara moja.