Utando Ndani ya Koti la Baba Mkwe

"Chui Jike, uko wapi?"

"Napita Makambako, Mkuu. Noah iko mbele yangu."

"Safari hii usigeuze uso."

Tusajigwe alivuta mafuta, Yamaha ikanguruma. Aibu ilimchoma masikio ndani ya helmeti.

Asubuhi, pale Ilomba jijini Mbeya, alikuwa ameisimamisha Noah hiyo hiyo. Bastola ya Glock tayari. Kisha kioo cha mlango wa mbele kikashuka, akamwona baba mkwe wake ameketi kando ya dereva. Mkamwana wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na yeye alilitunza hilo miaka tisa. Akajifunika kitenge, akageukia ukuta. Jasusi mzima!

Noah ikapita.

Dereva, Silvester, alilijua hilo. Alikuwa jasusi mwenzake Tusajigwe kabla hajanunuliwa na wageni. Hata pilau ya harusi yake aliila. Ndiyo maana alimpa mzee lifti ya kwenda mkutano wa kanisa Iringa, na koti la kujikinga na baridi.

Alichoiba ni utando mwembamba wa polima, unaokaa ndani ya betri ya sodiamu mahali pa kile kimiminika kinachowaka moto. Sodiamu hutoka kwenye chumvi, na chumvi nchi hii tunayo tele. Benedicta, mtafiti wa Mbeya, aliuhangaikia miaka sita. Mnunuzi wa kigeni alikuwa hotelini Iringa, akiungoja ausajili kwa jina lake.

"Ukiingia unyevu umekufa," Benedicta alikuwa amemwambia Tusajigwe kwenye simu. "Na mwingine sina, dada."

Mafinga. Manyunyu.

Konstebo Tadeo, aliyekuwa akiwasubiri hapo, alitandaza miiba ya chuma barabarani. Tairi mbili zikapasuka. Noah ikaserereka hadi kwenye misonobari. Silvester akaruka nje na bastola. Tusajigwe akamwahi kwa teke, Tadeo akamkalia mgongoni.

Silvester akacheka, mdomo kwenye tope. "Pakiti nimeitoboa. Iko kwenye koti la mzee. Haya, mpekue mkweo."

Mzee alikuwa ameshashuka, anaanza kulowa. Alipomwona mkamwana wake, aligeuza uso upesi.

Tadeo hakuweza kumwachia Silvester, na mzee hakujua pakiti ilifichwa wapi ndani ya koti. Palibaki mikono ya Tusajigwe tu.

"Baba, nisamehe."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwewe. Akaingiza mkono kifuani mwa mzee, akatoa pakiti. Karatasi ya kupimia unyevu ilikuwa bado ya bluu: utando ulikuwa mkavu. Akaifungia kwenye kopo kavu.

"Mkuu, mzigo mzima. Mkamateni mnunuzi wa hotelini."

"Tunaye. Hongera."

Hongera ya nini, alijiuliza. Alitamani ardhi ipasuke.

Mzee alisema na Tadeo, mgongo umegeuka. "Kijana, mwambie mkamwana wangu kazi ni kazi. Ila mke wangu akiuliza nani alinipekua njiani, nimjibu nini?"

"Mwambie baba ajibu ni askari," alisema Tusajigwe.

"Sawa," mzee akasema, akafunga vifungo vya koti.

Tusajigwe alivaa helmeti, akawasha Yamaha, akaondoka taratibu. Jumamosi alitakiwa kwenda ukweni kupika. Hakujua ataingilia mlango gani.