Jina la Baba Linda

Nyamoita alipotia mkono kwenye beseni asubuhi ile, maji yalimuunguza. Yalikuwa yamelala nje usiku kucha kwenye baridi ya Tabaka, na hakuna aliyewasha moto. Aliruka, akatoa neno ambalo Msabato hapaswi kulitoa, kisha akachungulia ndani.

Kazi yake ilikuwa kulainisha mawe. Wanaume huchonga, wanawake huloweka na kupiga msasa, na yeye alikuwa ameifanya miaka kumi na miwili mpaka mikono ikawa inaenda yenyewe. Jana yake mikono hiyo ilikuwa imekusanya kila chungu cha jiwe kilichokuwa sakafuni na kukitumbukiza majini. Vyungu kumi vilikuwa vya mteja. Cha kumi na moja kilikuwa cha marehemu mumewe, na sasa kifuniko chake kilikuwa kimebanduka.

"Nyasae, Mungu wangu," alisema. "Nimefanya nini mimi?"

Mumewe, Onsongo, alikuwa omoriori, mtu wa kufukua uchawi na kuwinda majini, na kutoka Suneka hadi Manga walimjua. Alikuwa analiita jini kwa jina lake mara tatu kwenye mdomo wa chungu, likiitika tu limekwisha. Alifunika, akaziba kwa gundi na unga wa mawe. Kuanzia hapo chungu hakikuvunjika hata ukikitwanga kwa nyundo, na gundi ile haikuachia mpaka ilowekwe usiku mzima. Kisha alikwenda kukifukia kwenye machimbo ya zamani. Hiki hakuwahi kukifukia. Mwezi Machi, mwaka huo wa tisini na nne, alikuwa amekwenda kulitoa jini lililokuwa likiunguza vitambaa kwenye duka la Bipin mjini Kisii. Alilifunga, akaanguka palepale, akafa. Bipin mwenyewe ndiye aliyeleta maiti, koti na chungu, akilia kama mtoto.

Siku ya pili baada ya maji kuchemka, saa tisa alasiri, Onsongo alirudi nyumbani.

Alikuja na suti aliyozikwa nayo, akaketi kwenye kiti chake. "Mama Linda, maji ya kunywa," alisema. Linda, binti yao wa miaka minane, alimrukia shingoni. Na Nyamoita je? Wewe ungefanya nini? Alilia, akacheka, akamletea maji. Miezi mitatu alikuwa akilala akikumbatia lile koti.

Majirani walijaa. Kaburi lilikuwa upande wa kulia wa nyumba, kama yalivyo makaburi ya wanaume, na walipolitazama udongo haukuwa umeguswa, hata maua makavu yalikuwa palepale.

"Sasa ametokaje?" Nyamoita alimnong'oneza Momanyi, mzee wa kanisa.

"Mama, Mungu hahitaji jembe," Momanyi alisema, akaanzisha wimbo.

Basi wakaimba wakaenda zao, na kesho yake mvua ya saa tisa iliponyesha, ukuta wa kulia ulibishwa. Ko, ko, ko. Polepole, kutoka upande wa kaburi. Nyamoita alisogea, akasikia harufu ya udongo mbichi na ugoro. Ugoro wa Onsongo, ule wa kuchanganywa na magadi.

"Usifungue dirisha," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Ni lile jini la Bipin ulilolifungulia. Limeingia kaburini mwangu, linaniigiza."

"Na wewe ugoro uliacha lini?"

"Wafu hawanusi ugoro, Mama Linda." Akatabasamu.

Wiki ya kwanza Linda aliacha kula. Wiki ya pili sketi ya shule ilikuwa inamvuka kiunoni, na kila alipopakatwa na babake alisinzia, akaamka midomo imekauka. Nyumba ilianza kunuka nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Kisha, Alhamisi moja, Nyamoita alipokuwa akifua sweta ya mtoto, aliona mgongoni alama tano za kahawia, vidole vya mtu, sufu imeungua mpaka ndani.

Vidole vilevile vilivyounguza vitambaa vya Bipin. Aliyerudi hakuwa mume wake, na Nyamoita alikuwa amemkabidhi mtoto kwa mikono yake mwenyewe!

Dawa aliijua: chungu, gundi, jina. Tatizo lilikuwa jina. La jini hakulijua, ila aliamini kwamba lililojifanya Onsongo lingeitika kwa jina la Onsongo. Mwanamke wa Kigusii hamwiti mumewe kwa jina lake, na Nyamoita tangu aolewe hakuwahi kulitamka hata akiwa peke yake jikoni. Mume ni Baba Linda, basi. Na kama alikosea, kama huyu alikuwa kweli Onsongo wake, angemfunga kwenye jiwe kwa mdomo wake. Alimtazama Linda amelala kwenye benchi, mifupa ya mashavu imetokeza, akakata shauri.

Saa tisa mvua ilishuka na mawe yake, mabati yakanguruma, na ko, ko, ko ukutani ikaanza, kwa haraka sasa, kwa ngumi mbili, kama mtu anayekataza jambo, lakini Nyamoita hakutaka kulisikia, alipiga magoti nyuma ya kiti cha yule mwanamume aliyempakata Linda, akaweka mdomo kwenye chungu, ulimi mzito kwa aibu na kwa hofu, akasema, "Onsongo."

Ukuta ulinyamaza.

"Onsongo."

Mwanamume kitini hakugeuka.

"Onsongo!"

"Naam," sauti iliitika.

Iliitika kutoka nje, upande wa kulia, sauti ya mtu aliyechoka na asiyeweza kukataa. Upepo wenye ugoro na udongo ulipita chini ya dirisha, ukaingia chunguni, na mikono ya Nyamoita, ile inayokwenda yenyewe, ikafunika na kuziba.

Mwanamume kitini alicheka taratibu. "Ahsante, mama. Mumeo aliniita kwa jina langu. Wewe umeita jina la mumeo, akaitika mwenye nalo. Alifufuka siku ileile niliyotoka, akawa ananiwinda hapo ukutani, anakuonya kila siku. Mimi kumwita nisingeweza. Ilibidi anayempenda aseme, na nyinyi wanawake wa huku hamsemi mpaka muogope sana. Unadhani alama zile niliziacha kwenye sweta kwa bahati mbaya?"

Nyamoita alikibamiza chungu sakafuni. Kiliviringika, kizima. Alichukua nyundo ya mchongaji, akakipiga mpaka mpini ukavunjika mkononi, na ndani mtu alikuwa akibisha, ko, ko, ko.

"Baba Linda! Onsongo, nisamehe!" alilia. Alikimbilia beseni, akakitumbukiza majini, akaanza kukwaruza gundi kwa kucha.

"Hiyo inataka usiku mzima," jini lilisema. Lilimkalisha Linda vizuri mapajani, likaweka vidole vitano mgongoni pake. "Na sasa ni saa tisa na nusu."