Mlenda wa Sista

Jua lilikuwa halijachomoza Pelagia alipofika kisimani na kukuta foleni ya ndoo. Ilikuwa Oktoba, mwaka wa tatu tangu watu wa pale Mpimbwe wahamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, na kisima kilikuwa kimoja kwa nyumba zote. Maji yalitoka kidogo kidogo, yamechafuka kwa tope. Pelagia alikuwa na miaka kumi na miwili, na asubuhi ile alikuwa wa kumi na moja kwenye foleni. Alijua atachelewa shule tena.

Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kupikia uji wa wadogo zake wawili, na ya pili ya kuogea. Ya tatu na ya nne zilikuwa za matuta ya mama, na hizo ndizo zilizommaliza nguvu.

Mama yake, Natalia, alikuwa amefundishwa na Sista Séverine wa misheni kuotesha mmea mmoja wa kutoka Ulaya, wenye majani laini yenye manyoya na maua yenye wekundu wa mbali. Mzizi wake ukikatwakatwa na kulowekwa kwenye maji baridi hutoa ute kama wa mlenda, na ute huo hulainisha koo lenye vidonda na kutuliza kikohozi kikavu. Sista alikuwa amekwisha kuhamishwa, lakini mmea ulibaki, watu wakauita mlenda wa Sista. Ulitaka udongo wenye unyevu siku zote, na mzizi wake haukuchimbwa mpaka utimize miaka miwili. Mimea ya mama kwenye matuta ndiyo kwanza ilikuwa inafikisha umri huo.

Mapema mwezi ule mama alipata habari kwamba bibi anaumwa sana huko Inyonga. Baba alikuwa kibarua wa reli Mpanda, hakuwapo. Basi mama akamwomba shangazi yao awe anakuja kulala na watoto, akamwagiza Pelagia asikose kumwagilia matuta ndoo mbili kila siku, akapanda lori la tumbaku.

Wiki ya kwanza Pelagia alimwagilia zote mbili. Wiki ya pili alimwagilia moja. Shingo ilimuuma, na darasani alisinzia mpaka daftari likamwanguka. Wiki ya tatu aliacha kabisa. Shangazi alipouliza, alijibu kwamba amemwagilia, na shangazi, aliyekuwa anatoka shambani hoi, hakwenda nyuma ya nyumba kutazama. Majani yakageuka manjano, mashina yakalala, kisha mchwa wakaingia.

Mama alirudi siku ya Jumatano, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amemzika bibi. Aliketi mkekani bila kufungua mzigo, akauliza habari za wadogo, halafu za matuta.

"Yako salama, mama," Pelagia alisema.

Mama akajinyoosha pale pale mkekani. Hata usingizi haujamchukua, akaingia Minza, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilikuwa imehamia karibuni na ng'ombe wao. Mwanawe Kashinje, wa miaka minne, alikuwa na surua. Mganga wa zahanati alikuwa amempa dawa na kusisitiza kwamba lazima anywe maji mengi, lakini kinywa kilikuwa vidonda vitupu na mtoto alikataa hata tone. Minza alikuwa amesikia habari za mlenda wa Sista. Mama, bila kuinuka, akamwambia Pelagia achimbe mzizi, auoshe na kuuloweka mpaka asubuhi.

Pelagia alikwenda kwenye matuta akavuta shina la kwanza. Mzizi ukamong'onyoka mkononi. Wa pili vivyo hivyo. Alifikiri kurudi ndani kusema ukweli, lakini alikumbuka uso wa mama ulivyokuwa, akaona hana nguvu ya kuutazama tena. Kando ya njia kulikuwa na kichaka chenye mzizi mweupe kidogo. Akauchimba huo. Asubuhi alimkabidhi Minza chupa, akaenda shule.

Mwalimu Telesphor alikuwa anafundisha hesabu za sehemu. Pelagia alitazama ubao, asione namba hata moja. Alichokiona ni kinywa cha mtoto chenye vidonda. Akasimama, akaomba ruhusa, na alipofika nje akakimbia.

Alimkuta Minza amempakata mwanawe, kikombe mkononi.

"Shikamoo, mama. Amekunywa?"

"Marahaba. Nimemtia kijiko kimoja, akatema. Anasema chungu. Nataka nijaribu tena."

"Usimpe, mama. Siyo yenyewe. Nilichimba mzizi mwingine. Hata jina lake silijui."

Minza hakumgombeza. Aliweka kikombe chini, akamfunga mtoto mgongoni, akachukua ile chupa. "Twende zahanati," alisema. "Utaeleza mwenyewe."

Pelagia alieleza mwenyewe. Mganga alinusa chupa, akamsafisha mtoto kinywa, akawaambia wasiondoke mpaka aridhike. Walikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Kila Kashinje alipofumba macho, Pelagia alimtazama kifua kama kinapanda. Mwishowe mganga akasema mtoto hana dhara, kwa kuwa alitema.

Nyumbani mama aliwasikiliza wote wawili mpaka mwisho. Kisha akachukua jembe akaenda nyuma ya bafu, mahali maji ya kuogea yanapomwagikia. Miche miwili ilikuwa imeota hapo kwa mbegu zilizodondoka wakati wa kuotesha matuta, mibichi kabisa. Akachimba mzizi mnene, akauosha, akaukatakata. Ilipofika jioni maji yalikuwa mazito ya kuteleza. Kashinje alimeza kijiko cha kwanza, akakunja uso, halafu akafungua kinywa tena.

Minza alipokuwa anaondoka alisema kwamba kuanzia kesho, akitoka kisimani, atakuwa anapitisha ndoo moja ya matuta.

Walipobaki peke yao, mama akamketisha Pelagia karibu.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Ndoo nne kwa mtoto wa shule zilikuwa nyingi, na hilo nililikosea mimi. Lakini ungemwambia shangazi yako, angekusaidia. Mimea nitaotesha mingine, mbegu ninazo. Mama Kashinje yeye hakuwa na njia ya kujua kilichomo kwenye chupa. Alimpa mwanawe kwa sababu alituamini. Anayewapa watu dawa hana ruhusa ya kudanganya, hata mara moja, hata kwa aibu. Kitu kikiharibika mikononi mwako, sema kimeharibika, siku hiyo hiyo."

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Uliacha darasa ukakimbia kwenda kusema, na hilo nimeliona. Sasa kalale. Maji ya asubuhi nitachota mimi."