Jogoo wa Mzee Ramazani

Nina miaka ishirini na minne, wasomaji wenzangu, na ninasoma chuo kikuu Leopoldville. Haya sijamwambia hata padri...

Mama yangu, mjane, alipanga nyumba hapa Kasongo, akauza mikate mlangoni. Kila mwaka upangaji ulipokwisha, alimpa dalali, Mzee Ramazani, jogoo na mchele. Mzee alichinja mwenyewe, akamwalika mwenye nyumba na majirani wawili. Walipokwisha kula alitamka mbele yao: mama huyu anaendelea mwaka mwingine.

Likizo moja nikauliza, kwani mimi huuliza kila kitu: kazi ya dalali si ilikwisha siku alipotuonyesha nyumba? Kwa nini ale tena?

Mama akanijibu, "Mutoto wangu, ile kuku haiko ya dalali. Iko ya mashahidi."

Nilicheka!

Nikaandika barua kwa Kifaransa, kwa jina la mama: upangaji umekwisha, kwa hiyo dalali hana haki ya kudai kitu. Mama hajui kusoma. Nilimshika kidole mimi mwenyewe, nikakibonyeza chini ya karatasi... Nikaipeleka kwa mwenye nyumba. Mzee Ramazani alikuwa pale barazani, na mbele ya watu nikamwita mla kuku. Aliinamisha kichwa, akasema tu, "Sawa, musomi."

Haikupita muda, mfanyabiashara kutoka Kabambare akaitaka nyumba ile, na mwenye nyumba akamwambia mama ahame. Mama akakimbilia majirani. Wakasema mwaka huu hawakuitwa, hawakusikia neno lolote. Tukaenda kwa karani wa teritware, ofisi ya serikali, na huko mwenye nyumba akatoa barua yangu! Karani akaisoma kwa sauti: upangaji umekwisha. Na chini yake, kidole cha mama.

Mama alinitazama, kisha akarudi nyumbani kufunga mizigo. Heri angenipiga...

Mnajua nani alimtafutia mama chumba huko mbali Wamaza, kwa ndugu zake mwenyewe? Mzee Ramazani! Nikampelekea jogoo, nikashindwa kumtazama usoni. Akanirudishia.

"Mupe mama yako," akasema. "Yeye iko na safari ndefu."

Wenzangu, ulizeni, sikatazi. Lakini mkijibiwa, sikilizeni! Mimi jibu nilipewa jikoni kwetu, nikalicheka. Sasa mama anauza mikate Wamaza, wanakopita watu wachache, na kila likizo nikifika huniwekea ule mkubwa.